KUJUA NA KUTENDA: MFUGAJI NA NGURUWE WAKE

Ndugu mfugaji wa Tarime na Serengeti, mazungumzo yetu ya leo ni juu ya nguruwe. Lakini si nguruwe peke yake. Tutazungumza pia juu yako wewe unayemfuga, kwa sababu wataalamu wamegundua kwamba afya na raha ya nguruwe hutegemea sana mambo anayoyafanya mwenye nguruwe, na sababu zinazomfanya ayafanye.

Katika mafunzo ya ufugaji tumezoea kuambiwa: jenga banda, chimba choo, usiachie nguruwe azurure. Bwana mifugo anasema, mfugaji anaitikia, "Ndiyo, tumesikia." Mwezi ukipita nguruwe yuko palepale njiani, anachimbua viazi vya jirani. Bwana mifugo akirudi anasema, "Wafugaji hawa ni wabishi." Mfugaji naye anasema, "Wataalamu hawa hawajui taabu zetu." Je, nani mwenye haki?

Wako watafiti ambao kazi yao ni kujibu swali hilo. Hawapimi damu ya mnyama tu. Wanakaa na mfugaji, wanamuuliza, wanamtazama anavyofanya kazi, kisha wanalinganisha maneno yake na matendo yake. Hebu tuone wamepata nini, halafu tuone linatuhusu vipi sisi wa Mara.

WALIYOYAONA MBULU

Tuanze hapa hapa Tanzania, katika Wilaya ya Mbulu, ambayo sasa iko Mkoa wa Manyara. Mtaalamu Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzake, walikagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Katika kila nguruwe 100, zaidi ya 17 walionekana wana ugonjwa wa tegu. Katika kijiji kilichoathirika zaidi ilikuwa karibu nusu ya nguruwe waliokaguliwa.

Labda msomaji mwingine haufahamu ugonjwa huu vizuri. Tegu ni mnyoo mrefu, bapa kama utepe, ambao hukaa katika utumbo wa mtu. Mtu huupata kwa kula nyama ya nguruwe yenye ugonjwa ambayo haikuiva sawasawa. Mnyoo huo hutoa mayai mengi sana, nayo hutoka na choo kikubwa. Mtu akijisaidia kichakani, nguruwe anayezurura hukila kile kinyesi. Mayai huanguliwa tumboni mwake, vijidudu huingia katika damu na kukaa katika nyama, ndizo zile punje nyeupe kama punje za mchele unazoziona bucha likipasua nyama mbaya. Mtu akiila bila kuiva, mzunguko unaanza upya.

Mpaka hapo utasema, "Mimi sili kitimoto, hainihusu." Ngoja kwanza. Mayai ya tegu yanaweza kumwingia mtu moja kwa moja, kwa mikono michafu ya mtu mwenye mnyoo aliyepika chakula, au kwa maji na mboga zilizochafuliwa. Yakimwingia, vijidudu hukaa katika mwili wake kama vinavyokaa katika nguruwe, na pengine hukaa katika ubongo. Hapo ndipo huja kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika sehemu nyingi ambako watu na nguruwe wazururao wanaishi pamoja, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana na tegu huyu. Kwa hiyo jirani yako Msabato au Mwislamu, ambaye hajaonja nyama ya nguruwe tangu azaliwe, mtoto wake anaweza kuanguka kifafa kwa sababu ya mzunguko unaoanzia katika boma la mtu mwingine. Si uchawi wala laana ya ukoo. Mtoto huyo ni wa kupelekwa hospitali.

Sasa tutazame jambo lenyewe la leo. Kati ya mwaka 2002 na 2005 wataalamu wale walifanya jaribio katika vijiji 42 vya Mbulu. Walizihoji kaya 827. Kisha vijiji vikagawanywa: baadhi vilipewa elimu juu ya tegu, vingine havikupewa kwanza, ili watu walinganishe. Baadaye walikwenda kuona kuna tofauti gani.

Tofauti ilikuwapo. Watu waliofundishwa walijua zaidi ugonjwa unavyoambukiza na unavyozuiwa. Walipunguza kula nyama yenye ugonjwa. Nguruwe wapya walioambukizwa walipungua kwa karibu asilimia 43. Hayo si mafanikio madogo. Lakini watafiti walipoacha kuuliza na kuanza kutazama kwa macho, waliona kwamba ufungaji wa nguruwe bandani na matumizi ya vyoo havikubadilika kiasi cha kuonekana. Watu walijua. Walikubali. Lakini banda halikujengwa, na choo kilikuwa kilekile.

Ndugu msomaji, jambo hilo ulitie moyoni. Elimu ilibadilisha jambo ambalo halikuhitaji fedha wala nguvu nyingi, yaani kuitazama nyama na kuikataa ikiwa mbaya. Haikubadilisha jambo lililohitaji miti, misumari, chakula cha kila siku na jasho. Basi aliyeshindwa si lazima awe mbishi. Huenda ana kizuizi ambacho hakuna aliyekiuliza.

NGURUWE ALIYEVISHWA KIPIMO

Tuvuke mpaka wa Sirari, tupande mpaka magharibi mwa Kenya, upande wa Busia. Huko wafugaji wadogo wengi wanafuga nguruwe kama baadhi yetu tunavyofuga: mmoja au wawili, asubuhi anafunguliwa, jioni anarudi mwenyewe. Watafiti waliwavisha nguruwe kumi chombo kidogo kinachowasiliana na setilaiti, ili kujua kila mahali wanapokwenda. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Nguruwe wale walitembea wastani wa mita 4,340 katika saa 12. Hizo ni zaidi ya kilometa 4. Na karibu nusu ya wakati wao, asilimia 47, hawakuwa katika boma la mwenye mali. Walikuwa kwa watu, au vichakani, au shambani.

Hapo tujiulize juu ya hesabu ya mfugaji. Anayemwachia nguruwe husema, "Namwachia ajitafutie, sina chakula cha kumpa." Hesabu hiyo ina maana yake. Gunia la pumba linanunuliwa, majani ya njiani ni bure. Lakini mnyama anayetembea kilometa 4 kila siku anakula ili atembee, na anatembea ili ale. Kidogo kinachobaki ndicho kinachoota mwilini. Ndiyo maana nguruwe wa aina hiyo anatimiza mwaka naye bado mwembamba, mbavu zinahesabika. Mnunuzi akija anamtazama, anataja bei ya dharau, nawe unaipokea kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa. Ukijumlisha na viazi vya jirani unavyolipa, na ugomvi wa kila wiki kwa mwenyekiti wa kitongoji, utaona kwamba chakula kile cha bure umekilipia.

Na upande wa nguruwe mwenyewe? Mnyama huyu hatoki jasho la kumpoza kama mtu au farasi. Jua likiwaka anatafuta matope ajigaragaze apoe, wala si kwa sababu anapenda uchafu. Akipewa banda pana, atachagua mwenyewe pembe moja ya kujisaidia na pembe nyingine ya kulala. Anazurura kwa njaa, kwa kiu, na kwa kutafuta kivuli. Mwenye kumpa vitu hivyo vitatu nyumbani amekwisha kuondoa sehemu kubwa ya sababu za kuzurura.

VIZUIZI VINAVYOMZUIA MFUGAJI

Sasa basi, tuvitaje vizuizi waziwazi, maana kizuizi kisichotajwa hakiondoki.

Kizuizi cha kwanza ni chakula. Ukimfunga nguruwe leo, kesho asubuhi atapiga kelele, na kelele hiyo ni deni. Mfugaji ambaye hajapanga chakula atamfungulia siku ya tatu. Kwa hiyo kumwambia mtu "jenga banda" kabla ya kumsaidia kupanga chakula ni kumwambia aanze nyumba kwa paa.

Kizuizi cha pili ni kazi, na nani anaifanya. Katika maboma yetu ng'ombe ana heshima yake. Mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, baraza la wazee huzungumza ng'ombe. Nguruwe mara nyingi ameachiwa mama na watoto. Bwana mifugo akiitisha mkutano, anayekuja ni baba. Anasikia kila kitu, anarudi nyumbani, na asiyesikia ndiye anayebeba ndoo. Halafu tunashangaa kwamba hakuna kilichobadilika! Na siku ya kuuza, fedha zinakwenda kwa baba. Mama ambaye hajui kama ataiona fedha hiyo, kwa nini ateke ndoo ya pili ya maji mtoni?

Kizuizi cha tatu ni woga wa hasara. Mfugaji mdogo hana akiba. Akitia fedha katika banda na ugonjwa ukaja, amepoteza banda na nguruwe. Asipojenga, amepoteza nguruwe tu. Huo si uvivu, ni hesabu ya mtu maskini. Tutaurudia woga huu tukifika kwenye homa ya nguruwe.

Kizuizi cha nne ni majirani. Choo na banda havifanyi kazi vikiwa vya mtu mmoja. Wewe umefunga nguruwe wako wawili, lakini wa jirani watatu wanazurura. Unaona kwamba umejitwisha taabu bure, nawe unamfungulia wa kwako.

MKONO WA MFUGAJI

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii kabisa, nalo ni namna tunavyomshika mnyama.

Mtafiti mmoja wa Australia aitwaye Paul Hemsworth alitoa mwaka 1981, pamoja na wenzake, matokeo ya kazi waliyoifanya katika mashamba 12 ya nguruwe nchini Uholanzi. Kila shamba lilihudumiwa na mtu mmoja. Mashamba hayo yalifanana, lakini mavuno hayakulingana. Katika mengine nguruwe jike walizaa watoto wengi zaidi kwa mwaka, katika mengine wachache. Watafiti waliwatazama nguruwe wanapokaribiwa na mtu: wanamsogelea, au wanamkimbia? Waliona kwamba pale ambapo nguruwe waliwaogopa watu zaidi, ndipo mavuno yalipokuwa madogo.

Majaribio ya baadaye yalithibitisha sababu. Nguruwe anayepigwa, anayetishwa na kusukumwa kila siku hukaa na hofu. Mwili wenye hofu hautulii. Unakua polepole na kushika mimba kwa shida, hata kama chakula ni kilekile. Hakuna ulazima wa kipigo kikubwa. Kofi la leo, teke la kesho, yanatosha kumfundisha nguruwe kwamba mtu ni adui.

Hemsworth na wenzake wakaenda mbele. Waliwauliza wahudumu wanaonaje juu ya nguruwe. Wakaona kwamba anayeamini "nguruwe ni mkaidi, haendi bila fimbo" ndiye anayempiga, nguruwe anamwogopa, anakataa kwenda, na mhudumu anasema, "Unaona? Nilisema ni mkaidi." Mwaka 1994 walieleza kwamba walipowafundisha wahudumu, si kwa kuwakaripia bali kwa kuwaonyesha jinsi nguruwe anavyoona na kuogopa, wahudumu walipunguza kupiga, na hofu ya nguruwe ikapungua.

Labda utasema hayo ni mambo ya Ulaya, ya mashamba makubwa. Lakini hebu tutazame kwetu. Nguruwe amefungwa kamba ya katani mguuni tangu asubuhi, kamba imekata ngozi, nzi wamejaa kwenye kidonda. Siku ya gulio amefungwa miguu minne, ametundikwa kichwa chini nyuma ya pikipiki, jua la saa sita, kutoka kijijini mpaka mjini Tarime au Mugumu. Akifika amekwisha kuzimia. Nyama ya mnyama aliyeteseka hivyo kabla ya kuchinjwa huwa mbaya, na mwenye bucha anajua. Isitoshe, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Nguruwe naye ni mnyama katika sheria hiyo, kama ng'ombe.

HOMA YA NGURUWE NA NGIRI WA PORINI

Sisi wa Serengeti, hasa wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi, tuna jambo letu la pekee. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kitaalamu mwaka 1921 na Montgomery, kutokana na nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Mwaka 1969 mtaalamu Plowright na wenzake walieleza kwamba wamepata virusi vya homa hiyo ndani ya papasi waliowakusanya katika mashimo ya wanyama hapa Tanzania. Ngiri huishi na virusi hivyo bila kuonekana mgonjwa. Nguruwe wa kufugwa akiumwa na papasi huyo, au akila mabaki ya nyama ya ngiri, anaweza kufa katika siku chache. Anapata homa kali, anakataa chakula, ngozi ya masikio na tumbo inakuwa nyekundu au zambarau, anakufa. Hakuna dawa ya kumtibu, wala chanjo inayotumika hapa kwetu. Binadamu haambukizwi, lakini banda zima linaweza kwisha kwa wiki moja au mbili.

Hapa napo tabia ya mfugaji ndiyo inayoamua. Watafiti waliofanya kazi na wafugaji wadogo kaskazini mwa Uganda waliona jambo lilelile la Mbulu: wafugaji wengi waliujua ugonjwa vizuri na walijua unavyoenea, lakini kujua hakukutosha kuwafanya wafuate kinga. Nguruwe wa kwanza akifa, mwenye nguruwe huwahi kuwauza waliobaki kabla hawajafa. Tumwelewe. Hakuna atakayemlipa fidia. Lakini nguruwe yule aliyeuzwa upesi ndiye anayepeleka homa mnadani, bucha linatupa matumbo, mbwa wanayaburuta, na baada ya wiki mbili vijiji vitatu vinalia.

Kinga yake haina gharama kubwa. Usimwachie nguruwe afike kwenye mashimo ya ngiri. Usimpe nguruwe mabaki ya nyama ya porini wala ya nguruwe mwingine. Makombo ya hotelini yachemshe vizuri kwa nusu saa kabla ya kumpa. Mnunuzi anayetembea boma kwa boma asiingie bandani mwako na viatu alivyoingia navyo kwa mwenzako. Nguruwe mgeni mtenge wiki nne. Na wakifa wawili kwa ghafula, usichinje, usiuze, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Wafu wafukiwe katika shimo refu.

TUFANYE NINI?

Ndugu mfugaji, tumesema kwamba kizuizi cha kwanza ni chakula. Basi tuanze na chakula, halafu banda.

Kabla ya kukata mti mmoja wa banda, kaa na watu wa nyumbani mwako wote, mama na watoto wakiwamo, mhesabu: katika mwaka, kila mwezi tunacho nini cha kumpa nguruwe? Miezi ya mavuno kuna viazi vitamu vidogo visivyouzika na majani yake. Milimani Tarime kuna maganda ya ndizi na ndizi zilizooza nusu. Kuna pumba za mahindi mashineni. Kuna machicha ya pombe ya ulezi na mtama. Kuna muhogo, lakini muhogo mchungu lazima umenywe, ulowekwe, ukaushwe au uchemshwe, kwa sababu mbichi una sumu. Dagaa wa ziwani kidogo, waliosagwa, hujenga mwili. Mashudu ya pamba yasizidi, yana sumu inayomdhuru nguruwe. Ukiona kwamba miezi ya Januari mpaka Machi huna kitu, basi punguza idadi: fuga mmoja anayeshiba badala ya watatu wenye njaa. Mmoja aliyenona ataleta fedha kuliko watatu wanaohesabika mbavu.

Maji nayo ni chakula. Nguruwe anayenyonyesha huhitaji lita 15 mpaka 30 kwa siku. Akikosa maji maziwa yanakauka, na watoto wanakufa mmoja mmoja nawe unadhani ni ugonjwa. Kwa hiyo baba, kabla ya kumwambia mama afunge nguruwe, uliza ndoo hizo zitabebwa na nani. Baiskeli na madumu mawili ni sehemu ya banda.

Banda lenyewe si lazima liwe la saruji. Miti ya kwetu, nyasi za kuezekea, sakafu yenye mteremko ili mkojo utoke, nyasi kavu za kulalia, kivuli cha kutosha. Jike mmoja na watoto wake watosheke na nafasi ya hatua tatu kwa tatu. Akikaribia kuzaa, ambayo ni miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu baada ya kupandwa, utamwona anakusanya nyasi kwa mdomo. Mpe nyasi kavu nyingi. Ni silika yake kutengeneza kiota, na akikikosa anahangaika na anaweza kuwalalia watoto.

Asubuhi na jioni, unapompa chakula, simama kidogo. Mkune mgongoni, ongea naye. Usimwingilie kwa ghafula. Ukitaka kumhamisha, tumia ubao mpana au kipande cha bati kumwongoza, badala ya fimbo. Baada ya wiki mbili atakufuata mwenyewe. Siku ya kumpakia garini utakumbuka maneno haya.

Na choo? Tusidanganyane. Banda bila choo ni nusu ya kazi, na choo bila banda ni nusu ya kazi.

FUNZO LA MTU NI AFYA

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima na redio ya taifa waliwakusanya watu katika vikundi nchi nzima, karibu watu milioni 2. Kikundi kilikaa chini ya mti, kikasikiliza kipindi, mmoja akasoma kijitabu, kisha wakajadili: hapa kijijini kwetu shida ni nini, na wiki hii tutafanya nini? Vyoo vingi vikachimbwa.

Kwa nini ilifaa? Kwa sababu kipindi hakikuishia kwenye sikio. Kila kikundi kilitaja vizuizi vyake na kukata shauri pamoja. Mtu hakuchimba choo peke yake huku jirani akimcheka. Yule mwenye jembe aliazima mwenye nguvu, na mjane alichimbiwa na vijana. Kizuizi kile cha nne, cha majirani, kiliondolewa na majirani wenyewe.

Hilo ndilo ambalo mara nyingi hukosekana tunapofundishana habari za nguruwe. Tunampa mfugaji maarifa halafu tunamwacha peke yake na mzigo. Wataalamu wa mifugo mnaosoma kurasa hizi, mkienda kijijini anzeni na swali, "Ni nini kinakuzuieni?" Nanyi wafugaji, msiitikie "tumesikia" wakati moyoni mnajua hamtafanya. Semeni, "Hatuna maji," au "Mwenye kazi hii ni mama, naye hakuitwa." Jibu la namna hiyo si ubishi. Mtaalamu akilisikia, atajua aanzie wapi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu, nguruwe wangapi wanafungwa na wangapi wanazurura? Wenye kuwaachia wanataja sababu gani?

2. Katika kila boma, nani anamhudumia nguruwe, na nani anapokea fedha akiuzwa? Je, hao wawili wako katika mkutano huu?

3. Miezi gani chakula cha nguruwe huadimika? Tunaweza kukausha au kuhifadhi nini kabla ya miezi hiyo?

4. Kaya ngapi hazina choo? Ni zipi ambazo haziwezi kuchimba bila msaada, na nani atawasaidia, siku gani?

5. Nguruwe wawili wakifa ghafula kesho, nani atakwenda kumwita mtaalamu, na tutamsaidiaje mwenye hasara ili asilazimike kuuza waliobaki?

Swali la tano msilipite haraka. Kikundi kitakachopata jibu lake, hata kama ni mchango mdogo wa kumshika mkono aliyefiwa na nguruwe, kitakuwa kimeziba njia ambayo homa hupitia kutoka boma hadi boma. Andikeni jibu lenu katika daftari la kikundi, na jina la atakayelitekeleza.

Kazi njema, ndugu mfugaji.